Yamakoshi: kijiji kilichofutwa kikiwa hakina mtu

Tarehe 1 Aprili 2005, kijiji cha Yamakoshi katika mkoa wa Niigata, Japani, kiliondolewa kwenye orodha ya serikali za mitaa na kuingizwa katika manispaa ya jirani yake, Nagaoka. Siku hiyo kijiji chenyewe kilikuwa kitupu. Wakazi wake, takriban 2,200, walikuwa kwenye nyumba za muda huko huko Nagaoka, barabara za kwao zimefukiwa na vilima vilivyoporomoka, na amri ya kuhama ilikuwa haijaondolewa. Manispaa iliwapokea kama wananchi wake watu ambao tayari ilikuwa imewapokea kama wakimbizi wa tetemeko.

Visa vingi vya kijiji kidogo kumezwa na jirani huishia kwenye hesabu: ofisi ngapi zimefungwa, watumishi wangapi wamepunguzwa, nani kapata daraja na nani kakosa. Hapa tetemeko la ardhi na muungano vilikutana ndani ya miezi 6, na kukutana huko kunaonyesha jambo ambalo kwa kawaida hufichika. Kijiji kama ofisi ni kitu kimoja. Kijiji kama watu wanaolima pamoja, wanaozikana na kuazimana majembe ni kitu kingine. Ofisi ya Yamakoshi ilikufa kwa tarehe inayojulikana. Watu wake walirudi milimani, wengi wao, na hoja yangu katika uchambuzi huu ni kwamba walirudi kwa sababu kila uamuzi mkubwa baada ya tetemeko ulipimwa kwa kitongoji. Kijiji hakikuwa kipimo, na manispaa haikuwa kipimo.

Ardhi iliyotoa mpunga na maporomoko

Yamakoshi haifiki hata kilomita 40 za mraba. Ni vilima vimebanana, na vitongoji 14 vimetawanyika kwenye miteremko na mabonde. Wakati wa baridi theluji hujaa hadi mita 3 na zaidi, na nyumba hujengwa kwa kuitazama theluji kwanza, mengine baadaye.

Udongo wa pale ni laini, na ardhi imekuwa ikiteleza tangu enzi na enzi. Mkulima wa zamani aligundua kwamba mahali palipowahi kuporomoka ndipo palipo na maji na udongo unaochimbika, akakata majaruba humo, ngazi juu ya ngazi, hadi karibu na kilele. Kwa hiyo mpunga wa Yamakoshi na hatari ya Yamakoshi vilitoka kwenye udongo uleule. Mtu asiyejua hilo husikitika kwamba watu walijenga mahali pabaya. Walijenga mahali palipowalisha.

Juu ya majaruba walichimba mabwawa ya kuhifadhi maji ya theluji inayoyeyuka, na ndani ya mabwawa wakafuga samaki wa kula majira ya baridi, kipindi ambacho njia zilizibwa na hakuna cha kununua. Miaka 200 hivi iliyopita baadhi ya samaki hao walianza kuonyesha mabaka mekundu. Wakulima wakawatenga, wakawazalisha, wakachagua tena na tena. Ndio asili ya nishikigoi, wale samaki wa rangi wanaoonekana leo kwenye bustani za matajiri dunia nzima. Yamakoshi na eneo jirani la Ojiya ndiko walikotokea. Maonyesho ya mwaka 1914 jijini Tokyo yaliwatangaza nchi nzima, na mkulima wa mpunga wa milimani akajikuta ana zao la biashara ambalo halihitaji shamba kubwa wala barabara pana.

Kuna pia fahali. Ng'ombe walioletwa kutoka eneo la Nanbu, kaskazini mashariki, walibeba mizigo na kulima, na siku za sikukuu walipambanishwa pembe kwa pembe. Msomaji wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, ambako fahali nao hupiganishwa, atadhani anaujua mchezo huu, lakini kuna tofauti kubwa: Yamakoshi hakuna mshindi. Kabla ya pambano uwanja humwagiwa pombe ya mchele kuutakasa. Fahali wakishikana, wanaume wa kuwachunga huzunguka wakipaza sauti "Yoshitaa!", na pale mmoja anapoanza kuelemewa, au wote wawili wamepandisha hasira ya kutosha, hutupa kamba kwenye mguu wa nyuma, huvuta, na mwingine hurukia kichwani na kumshika fahali puani. Wanatenganishwa, matokeo ni sare. Kila pambano ni sare. Sababu wanayoitoa ni kwamba ng'ombe ni mtu wa nyumbani, na mwenye ng'ombe aliyeshindwa bado ni jirani yako kesho asubuhi. Taifa liliuweka mchezo huo kwenye urithi wake wa mila mwaka 1978. Wanawake hawakuruhusiwa kukanyaga uwanja hadi mwaka 2018, jambo linalotukumbusha kwamba ujirani huo mzuri nao ulikuwa na mipaka yake.

Kitongoji kilichochimba njia yake

Jambo moja la zamani lazima lielezwe hapa, kwa sababu bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Kitongoji cha Komatsukura kilikuwa kimezungukwa na milima. Mgonjwa wakati wa theluji alibebwa mgongoni kupita juu ya mlima kwenda mji wa Koide, na wapo waliofia njiani. Mwaka 1933 wanakitongoji walianza kuchimba handaki kwa sururu. Si wote waliokubali. Wapo waliosema ni wazimu, na ubishi uliwagawa. Vita ikawasimamisha kwa muda. Mwaka 1949 walitokea upande wa pili: karibu mita 900 za handaki, kwa mkono, kazi ya miaka 16. Magari yaliendelea kulitumia hadi mwaka 1998, barabara ya kisasa ilipochimbiwa handaki jipya kando yake.

Serikali ilikuja baadaye kusaidia, lakini haikuwa serikali iliyoanza, wala haikuwa kijiji kizima. Ilikuwa ni kitongoji. Hilo ndilo tabaka lililozoea kuamua mambo mazito, kugharamia na kugombana lenyewe.

Na tukumbuke kwamba hata jina Yamakoshi kama kijiji halikuwa la kale. Kijiji kilizaliwa mwaka 1956 kwa kuunganisha vijiji 4 vidogo, Tanesuhara, Ota, Takezawa na Higashitakezawa, wakati serikali ya Japani ilipotaka kila eneo la utawala liwe na watu wasiopungua 8,000 hivi, idadi iliyoonekana inatosha kubeba shule moja ya sekondari ya chini. Wimbi lile la miaka ya 1950 lilipunguza serikali za mitaa kutoka 9,868 hadi 3,472. Kwa hiyo mzee wa miaka 70 wa mwaka 2005 alikuwa anaungana kwa mara ya pili maishani mwake. Kijiji alichoambiwa kinakufa alikuwa amekiona kikizaliwa. Ila kitongoji chake alikikuta.

Hesabu zilizotoka Tokyo

Wimbi la pili lilianza mwaka 1999. Vijiji vya milimani vilikuwa vinazeeka, vijana wamekwenda viwandani na mijini, na sehemu kubwa ya bajeti ilitegemea ruzuku ya serikali kuu. Serikali haikuwalazimisha kuungana kwa amri. Ilitumia njia ambayo kwa maoni yangu ina nguvu kuliko amri: pesa yenye tarehe ya mwisho.

Waliokubali kuungana waliruhusiwa kukopa kwa masharti ya pekee. Mkopo uliweza kugharamia asilimia 95 ya mradi, na serikali kuu ikalipa asilimia 70 ya deni hilo kupitia ruzuku. Pia waliahidiwa kwamba kwa miaka 10 ruzuku yao itakokotolewa kana kwamba hawajaungana, kisha ipungue taratibu kwa miaka 5. Ili upate hayo, maombi yafike kwa gavana wa mkoa kabla ya Machi 2005 kwisha. Wakati huohuo, kuanzia mwaka 2004, serikali ikaanza kukata ruzuku kwa wote. Anayekataa kuungana anabaki na bajeti inayosinyaa. Anayekubali anapata mkopo nafuu. Wapo waliokataa hadharani, kama mji mdogo wa Yamatsuri mkoani Fukushima, ambao baraza lake lilitangaza mwaka 2001 kwamba halitaungana na mtu yeyote. Lakini walio wengi walipiga hesabu wakatia saini. Serikali za mitaa 3,232 za mwaka 1999 zilibaki 1,727 kufikia mwisho wa Machi 2010. Vijiji, vile vyenye hadhi ya kisheria ya kuitwa kijiji, vilitoka 568 hadi 184. Mkoa wa Niigata peke yake ulishuka kutoka 112 hadi 30.

Yamakoshi ilikuwa miongoni mwa waliotia saini. Mazungumzo na Nagaoka yalikuwa yamefika mbali na muungano umepangiwa Aprili 2005, pamoja na miji midogo mingine 4 inayoizunguka Nagaoka. Hadi hapo hiki ni kisa cha kawaida kabisa, na kama mambo yangeishia hapo nisingekiandika.

Jumamosi ya Oktoba

Tarehe 23 Oktoba 2004, saa kumi na mbili kasoro dakika nne jioni, tetemeko lenye ukubwa wa 6.8 lilipiga eneo la kati la Niigata. Kwa jumla watu 68 walifariki. Yamakoshi ilikatika kabisa: kila barabara ya kutoka ilizibwa au kumomonyoka, simu zikanyamaza, umeme ukazima. Kwa saa kadhaa nje hakuna aliyejua hali ya kijiji, na hata kipimo cha nguvu ya tetemeko kilichokuwa pale kilishindwa kutuma taarifa zake.

Wafugaji wa samaki walijua hasara yao usiku uleule. Oktoba ndio mwezi wa kuwatoa samaki kwenye mabwawa ya milimani na kuwaingiza kwenye matangi ya ndani kabla ya theluji. Samaki waliokuwa ndani walitegemea pampu za hewa, na pampu zinategemea umeme. Waliokuwa nje, mabwawa yao yalipasuka na kumwaga maji bondeni.

Mto Imokawa nao ulizibwa na maporomoko. Maji yaliyokosa njia yakaanza kupanda nyuma ya kifusi, na katika siku zilizofuata yakafunika nyumba za chini za kitongoji cha Kogomo. Baadhi ya nyumba hizo zimeachwa palepale hadi leo, zimezama nusu kwenye matope, mapaa yameegama.

Mkuu wa kijiji, Nagashima Tadayoshi, alitoka kwa helikopta, akaona kutoka juu kile ambacho chini hakionekani, na akaamua: kijiji kizima kihame. Tarehe 25 Oktoba helikopta za jeshi la kujilinda na vikosi vingine zilianza kuwatoa watu, wazee kwanza, kitongoji baada ya kitongoji. Baadaye walibebwa hata ng'ombe na samaki wa kuzalisha. Fahali mwenye uzito wa karibu tani moja, amening'inia chini ya helikopta juu ya vilima vilivyochanika, ni picha ambayo Wajapani wengi wa umri fulani wanaikumbuka. Kwa mhasibu ni ajabu kutumia helikopta kwa ng'ombe, lakini mfugaji aliyefika mjini bila ng'ombe wake hana cha kumrudisha kijijini.

Uamuzi wa kupanga upya watu

Sasa tufike kwenye kiini. Wanakijiji walipotua Nagaoka waliwekwa kwenye kumbi za shule na majengo ya umma kwa kadiri walivyofika. Aliyeshuka kwenye helikopta ya mwisho alilala na watu wa kitongoji kingine, mbali na majirani zake. Kwa mtu wa nje hilo si tatizo, kwani wote si ni watu wa kijiji kimoja? Viongozi wa Yamakoshi waliona tofauti. Siku chache baadaye waliwahamisha watu wote tena, kutoka ukumbi mmoja kwenda mwingine, ili kila kitongoji kilale mahali pamoja.

Hebu fikiria kazi hiyo. Watu wamechoka, wamepoteza nyumba, wana mablanketi na mifuko michache, na unawaambia wafungashe wahame tena hatua chache tu. Kuna kila sababu ya kuliacha jambo hilo. Lakini kulikuwa na funzo la jiji la Kobe. Baada ya tetemeko la mwaka 1995 nyumba za muda ziligawiwa kwa bahati nasibu, wazee wakapewa kipaumbele, na matokeo yake wazee waliwekwa pamoja na watu wasiowajua. Baadhi yao walifariki ndani ya vyumba vyao bila mtu kujua kwa siku kadhaa.

Desemba 2004, nyumba za muda zilipokamilika pembezoni mwa Nagaoka, mpango uleule ulifuatwa. Safu za nyumba zilipangwa kwa vitongoji. Kulikuwa na vyumba vya kukutania, na wazee walipata vipande vya ardhi vya kulima mboga karibu na makazi. Aliyekuwa jirani yako mlimani ndiye aliyekuwa jirani yako bondeni. Kaulimbiu ya mkuu wa kijiji, "Turudi Yamakoshi", ilipata mahali pa kujadiliwa: mkutano wa kitongoji, watu wanaofahamiana, wanajua nani ana mtoto anayetaka kurudi na nani hana.

Tukirudi sasa kwenye Aprili 2005, tunaona kwa nini muungano haukuwavunja watu hawa. Chombo kilichovunjwa kilikuwa baraza la kijiji na cheo cha mkuu wa kijiji. Chombo kilichokuwa kinawaweka watu pamoja kila siku hakikuwa kwenye mkataba wa kuungana, kwa hiyo hakikuguswa. Nagaoka, chini ya meya wake Mori Tamio, ilifanya jambo la busara: Nagashima alibakishwa kama msimamizi wa kurejesha Yamakoshi. Hata anwani zilitunza jina. Kitongoji kilichokuwa Takezawa ndani ya kijiji cha Yamakoshi hakikuitwa tu Takezawa ya Nagaoka. Kiliandikwa "Nagaoka, Yamakoshi Takezawa". Jina la kijiji lilihamia ndani ya jina la kitongoji, na kila bahasha inayofika pale inalibeba.

Pesa iliyoweza kujenga hekalu

Kurejesha mahali kama hapo kuna kazi mbili. Kazi ya kwanza ni barabara, madaraja, mitaro na miteremko, na hiyo serikali ya Japani inaijua vizuri kuliko karibu mtu yeyote. Kazi ya pili ni vitu ambavyo hakuna kifungu cha bajeti kinachovitaja.

Mkoa wa Niigata uliunda mfuko wa kurejesha maisha baada ya tetemeko. Mtaji wake ulikuwa yeni bilioni 300, uliwekezwa, na faida yake, karibu yeni bilioni 60 kwa miaka 10, ndiyo iliyotumika. Kwa kuwa mfuko huo ulisimama kando ya bajeti ya kawaida, uliweza kusikiliza maombi ambayo ofisi ya serikali ingeyarudisha dirishani. Mfano bora ni mahekalu madogo ya vitongoji. Katiba ya Japani inakataza fedha za umma kwenda kwenye dini. Lakini hekalu la kitongoji ndipo sikukuu ya mavuno hufanyika, ndipo watu hukutana, ndipo vijana waliohamia mijini hurudi angalau mara moja kwa mwaka. Mfuko uliyahesabu kama majengo ya jumuiya, na yakakarabatiwa. Vivyo hivyo kwa majaruba madogo yasiyofikia kiwango cha msaada wa serikali, na kwa njia za shambani.

Mimi naona fungu hilo dogo la mahekalu lilifanya kazi zaidi ya kiasi chake. Nyumba humrudisha mtu mmoja na familia yake. Hekalu lililosimama tena huwaambia watu wa kitongoji kwamba wenzao nao wamekusudia kurudi, na katika visa vya namna hii kila mtu anamwangalia mwenzake kabla hajaamua.

Kwa upande wa nyumba, wasanifu walitoa michoro ya nyumba za bei nafuu zinazofaa milimani, zinazotumia mierezi ya mkoa ule na zenye msingi ulioinuliwa ili theluji isizibe mlango. Kogomo ilijengwa upya juu zaidi ya pale ilipozama. Vitongoji 6 vilivyoumia zaidi vilisubiri hadi Aprili 2007 amri ya kuhama ilipoondolewa kwao. Mwisho wa mwaka 2007 familia za mwisho zilitoka kwenye nyumba za muda. Karibu asilimia 70 ya watu walirudi, na kwa eneo la wazee lenye theluji ya mita 3, lililokaa bila watu kwa miaka 2 au 3, hicho ni kiwango kikubwa.

Muungano ulitoa nini, ulichukua nini

Hapa lazima tuwe waangalifu. Ni rahisi kuusifu muungano kwa kurejesha Yamakoshi, na ni rahisi vilevile kuulaumu kwa kuimaliza. Tetemeko limechafua ushahidi.

Kwa haki, manispaa kubwa ilikuwa na wahandisi, mafundi na watu wa mipango ambao ofisi ya kijiji cha watu 2,200 isingekuwa nao. Kijiji kingelazimika kuendesha miradi mikubwa kuliko bajeti zake zote za nyuma, huku watumishi wake wenyewe wakiwa hawana nyumba. Hilo muungano uliwapunguzia.

Ulichochukua kinaonekana pole pole. Watu 2,200 ndani ya manispaa yenye wakazi zaidi ya 230,000 hawafiki hata asilimia 1. Kabla ya Aprili 2005 mtu wa Yamakoshi aliyekasirishwa na barabara alikwenda kwa mkuu wa kijiji aliyemchagua. Baada ya hapo alikwenda kwenye ofisi ya tawi, kwa mtumishi mwema lakini anayehamishwa, ambaye uamuzi wake uko bondeni. Nagashima mwenyewe, yule sauti ya kijiji, alichaguliwa mbunge Septemba 2005 na kuhamishia vita yake Tokyo hadi alipofariki mwaka 2017. Kwa taifa hiyo ilikuwa faida. Kwa Yamakoshi ilikuwa na maana kwamba katika miaka ile ya kurudi, kijiji hakikuwa na kiti kinachoitwa chake.

Na kuna lile la ruzuku. Ile miaka 10 ya neema ina mwisho, kisha hupungua. Manispaa zote zilizoungana mwaka 2005 zilifika hapo mwaka 2015, karibu wakati uleule ambao mfuko wa tetemeko nao ulikuwa unamalizika. Mtu akiuliza kwa nini maeneo ya pembezoni yalianza kulalamika muongo mmoja baada ya sherehe, aanze kutafuta hapo.

Idadi ya watu haikuacha kushuka. Mwaka 2021 Yamakoshi ilibaki na watu 800 hivi. Sitaki kuutupia muungano mzigo huo wote. Vijiji ambavyo havikuungana navyo vimepungua, na tetemeko lilimaliza wale waliokuwa njia panda. Lakini wale wanaosema muungano uliviokoa vijiji nao wakumbuke namba hiyo.

Wenyeji wanaotafuta kura

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nirudie kukisoma kisa hiki. Bila mkuu wala baraza, wakazi waliunda vyombo vyao. Mwaka 2009 walianza kufuga alpaka, zawadi kutoka Colorado, Marekani, wanyama ambao hawana uhusiano wowote na mila za pale na ambao wageni huwapenda kuliko chochote. Mwaka 2013 kilifunguliwa kituo cha kupokea wageni na kusimulia tetemeko. Mwaka 2017 mfumo wao wa kulima mpunga na kufuga samaki kwa maji ya theluji, pamoja na maeneo jirani, uliingizwa kwenye orodha ya taifa ya urithi wa kilimo.

Desemba 2021 baraza la wakazi, chombo cha hiari kisicho na mamlaka ya kiserikali, lilitoa hati za kidijitali za umiliki zinazouzwa mtandaoni, zile zinazoitwa NFT, zenye michoro ya nishikigoi. Anayenunua anahesabiwa kuwa mwanakijiji wa kidijitali: anaingia kwenye majadiliano, anapendekeza miradi, anapiga kura juu ya sehemu ya pesa iliyopatikana. Manispaa ya Nagaoka iliukubali mpango huo rasmi. Wenye hati walipita 1,000, wakawa wengi kuliko wakazi.

Nilipousoma mpango huu mara ya kwanza niliuona kama mtindo wa msimu, na bei za hati za namna hiyo zimeshuka kweli tangu wakati ule. Ila ukiutazama kama jambo la utawala, una mantiki. Watu waliopoteza baraza lao la kisheria walijitengenezea jingine, lisilo na kodi wala polisi, lakini lenye wapiga kura, ajenda na kura zinazohesabiwa. Wamekopa wananchi kutoka nje kwa sababu wa ndani hawatoshi tena kusikika kwenye manispaa.

Katika kura za mwanzo za wenye hati hao kulikuwa na pendekezo moja lisilo la kawaida: kwamba kila mkazi halisi wa Yamakoshi anayetaka apewe hati bure. Lilipita. Ndivyo ilivyokuwa kwamba watu wa Tokyo, Osaka na nchi za ng'ambo, ambao wengi wao hawajawahi kukanyaga pale, walipiga kura ya kuwapa wazee wa majaruba haki ya kupiga kura kuhusu Yamakoshi.